Pumzi za Watu Wawili

Jumamosi, 3 Januari

Hema limesimama. Limenigharimu asubuhi nzima na vidole viwili vilivyobanwa, lakini limesimama. Chumba cha wageni, ambacho mgeni wake wa mwisho alikuwa shangazi yangu miaka minne iliyopita, sasa ni shamba. Kwa nje hema ni jeusi, kwa ndani linang'aa kama karatasi ya pakiti ya sigara. Mna miche ishirini na minne ya stroberi, juu yake taa, nyuma yake bomba lenye feni ya kutolea hewa nje. Dirishani nimefunga kiyoyozi nilichopewa ofisini walipoleta vipya. Na katikati ya yote hayo nimening'iniza mita yangu. Inapima joto, unyevu na hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, na inaweka kumbukumbu kila baada ya dakika tano kwa miezi mitatu mfululizo.

Mimi ni mkaguzi wa mizani. Miaka ishirini na miwili nimezunguka madukani nikiwakamata watu wanaoongopa kwa gramu. Watu huongopa. Chombo kilichopimwa vizuri hakiongopi.

Mke wangu alichungulia, sindano mdomoni, akasema, "Kwa hiyo stroberi zitakula baridi, sisi tutakula joto?"

Nikamwambia hili ni jambo la kitaalamu. Akarudi kwenye cherehani yake.

Jumapili, 4 Januari

Nyuzi 23. Unyevu 61. Sina la kuongeza.

Jumanne, 6 Januari

Hewa ndani ya hema haitembei, majani yanatoa jasho. Nimeazima feni ya mezani ya mama kwa siku chache. Mama anakaa chumba cha uani, kile cha mabati. Alisema, "Chukua mwanangu, mimi ya nini?"

Mlangoni nimebandika kipande cha boksi: MLANGO UFUNGWE. UKIFUNGULIWA JOTO LINAINGIA. Nimetia na kufuli. Ufunguo unaning'inia jikoni, kwa dharura tu.

Ijumaa, 9 Januari

Kuna tatizo ambalo sikulitarajia. Nje hewa ukaa ni sehemu 420 kwa milioni. Ndani ya hema, kufika adhuhuri, inashuka mpaka 310. Mimea inaila haraka kuliko inavyoingia. Nikiwasha feni ya kutolea hewa muda wote, hewa mpya inaingia na kiasi kinapanda, lakini baridi yote inatoka na joto la nje linachukua nafasi yake. Nikifunga, nyuzi zinatulia lakini mimea inakaa na njaa. Majani mapya ni madogo kama kucha.

Kesho anakuja fundi wa viyoyozi.

Jumamosi, 10 Januari

Fundi amekuja. Mtaa mzima unamwita Baridi, na jina limemvimbisha kichwa. Ana mabega ya kubeba mashine na meno yote thelathini na mawili, na anapenda kuyaonyesha.

Alizunguka hema, akagonga bomba, akasema, "Mzee, umeifungia mimea kwenye kopo. Kiyoyozi hakileti hewa mpya, kinazungusha hiyo hiyo. Fanya hivi, feni ya kutoa iwake dakika kumi kila saa, basi. Ukitaka ile hewa yenyewe iongezeke, kuna mitungi."

"Na bila mitungi?"

"Bila mitungi, kaa nayo humu uipulizie. Mtu mmoja ni mtungi tosha. Au siyo, shemeji?"

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi shingoni, akacheka. Si kutabasamu. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mimi nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na tisa na sijui mara ya mwisho nilipomfanya ashike fremu ya mlango.

Halafu hili la "shemeji". Limeanza lini? Ni ndugu yangu kwa upande gani?

Jumapili, 11 Januari

Nimejaribu. Nimeketi kwenye kigoda kando ya hema, zipu wazi, mlango wa chumba umefungwa, saa nzima. Nilisoma gazeti kwa sauti ili pumzi zitoke vizuri. Mita ilianza 400, ikaishia 860.

Naandika hapa kama kipimo: mtu mmoja, saa moja, 860.

Jumatano, 14 Januari

Mke wangu anashona suruali mbili za Baridi. Nimeuliza kwa nini. "Kwa sababu mimi ni fundi cherehani," alisema.

Jumamosi, 17 Januari

Nyuzi 24 ndani, 36 nje. Maua ya kwanza, matatu.

Jumanne, 20 Januari

Nimetoka kazini saa tisa kama kawaida. Nimefungua kumbukumbu za mita nikiwa bado sijavua viatu. Saa nne asubuhi 390. Saa tano 400. Kisha kamstari kanapanda kama mtu anayepanda ngazi: 600, 900, 1,100. Saa saba kamili, 1,290. Halafu kanashuka polepole.

Nilidhani mita imeharibika. Nimeitoa nje uani, ikasoma 424. Haijaharibika.

"Leo umeingia chumba cha mimea?" nilimuuliza mke wangu.

"Niingie kufanya nini?" alisema, bila kuinua macho kwenye mshono.

Alhamisi, 22 Januari

Saa tano mpaka saa saba. 1,310.

Ijumaa, 23 Januari

1,280. Nimefikiri mpaka kichwa kimechoka. Nyumba hii ina watu watatu tu tangu binti yetu aende chuo. Mimi niko kazini. Mama mchana hulala chumbani kwake, amesema mwenyewe. Anabaki mke wangu. Mke wangu peke yake, hata apumue vipi, hafikishi 1,300.

Kuna mtu wa pili.

Nimeipigia sentensi hiyo mstari. Nitaipima kwanza. Sitamhukumu mtu kwa mizani ambayo sijaihakiki.

Jumapili, 25 Januari

Nimemwalika mwenzangu wa ofisini, yule tunayemwita Kitambi, aje aone stroberi. Mke wangu alikuwa ametoka. Nilimkalisha kwenye kigoda, mimi nikakaa chini, nikafunga mlango.

"Tunafanya nini humu?" aliuliza.

"Tunapumua."

"Nyumbani kwangu napumua bila kualikwa," alisema, lakini baridi ilimkolea na baada ya dakika kumi akalala. Alikoroma saa nzima na nusu. Sijui kukoroma kunaongeza kiasi gani, lakini mita iliishia 1,330.

Watu wawili. Hakuna ubishi tena.

Jumanne, 27 Januari

1,300. Sakafuni, karibu na hema, nimeokota uzi wa buluu. Suruali za Baridi ni za buluu.

Jumatano, 28 Januari

Wivu ni kitu cha aibu kwa mtu wa umri wangu, najua. Nimefikisha hamsini na moja. Lakini leo nimemsikia akiimba jikoni huku akiosha vikombe viwili. Viwili! Nilisimama ukumbini na begi mkononi kama mpangaji aliyekosea nyumba. Nilitamani kumuuliza, nikaogopa atajibu.

Ijumaa, 30 Januari

Stroberi zinanenepa. Majani mapana, mabua manene, sijaona mfano wake. Bila shaka zitanenepa, zinalishwa pumzi za watu wawili kila mchana. Nakasirikia hata matunda.

Jumatatu, 2 Februari

Pikipiki ya Baridi ilikuwa imeegeshwa kwenye kona yetu saa tisa na dakika tano. Nikamuuliza mke wangu Baridi anatafuta nini mtaani.

"Anatengeneza jokofu la duka la dawa. Kwani mtaa ni wako?"

Jibu alilitoa haraka mno. Mtu asiye na hatia huchelewa kidogo, huwa anashangaa kwanza. Haya nimejifunza madukani.

Alhamisi, 5 Februari

Nyuzi 38 nje. Ofisini tumeloa wote. Mita: 1,320, na sasa wanaanza saa nne na nusu. Wanaongeza muda. Wameshanogewa.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda kukaa na mama chumbani kwake. Mabati yanalia kwa joto, tik, tik. Nilitoa jasho kabla sijakaa vizuri. Nilimuuliza kama joto linamsumbua.

"Joto? Mimi na joto tumekua pamoja," alisema, akajifuta uso kwa kiganja.

Nikashusha sauti. "Mama, kuna mtu huja hapa nyumbani mchana?"

Mama akatazama mlango wa jikoni alikokuwa mke wangu, kisha akatazama mikono yake. "Haji mtu, mwanangu. Aje nani?"

Namjua mama. Hawezi kuongopa bila kutazama mikono yake. Anajua, na anamfichia! Mama yangu mzazi, aliyenizaa kwa uchungu, amekula njama na mkwe wake dhidi yangu. Nilipotoka nje nikawasikia wawili hao wakinong'ona dirishani. Hilo limeniuma kuliko yule fundi. Fundi ni mtu baki.

Jumanne, 10 Februari

1,340.

Alhamisi, 12 Februari

1,340. Tunda la kwanza limeiva. Nilipanga lile la kwanza niwape wao wawili wagawane, mama na mke wangu. Nimelila mwenyewe, nimesimama, mlango umefungwa. Tamu sana.

Jumamosi, 14 Februari

Baridi amekuja kuchukua suruali. Mke wangu alimwambia ageuke atazame mshono wa nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na gazeti. Ningekuwa kiti wangenijali zaidi.

"Stroberi zinaendeleaje, mzee?" aliniuliza.

"Zinapumua," nilisema, nikamkazia macho. Alicheka. Ama ana moyo wa jiwe, ama anajua kuigiza.

Jumanne, 17 Februari

Redioni wamesema wiki hii joto litapita nyuzi 40, wazee na watoto wakae mahali penye ubaridi. Mke wangu aliinua kichwa, akanitazama, akafungua mdomo. Nikasubiri. Nilifikiri anataka kuungama. Akaufunga.

"Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kuuliza lile hema litakaa mpaka lini."

Amechoka kukutana kwenye hema, nikasema moyoni, anataka chumba kizima.

Alhamisi, 19 Februari, asubuhi

Nimenunua kufuli jipya. Nimelifunga mlangoni kabla hawajaamka, funguo zote mbili ziko mfukoni mwangu. Leo watajua hawajui. Akitaka chumba, itabidi anipigie simu aseme anakitakia nini. Ngoja nione atatunga uongo gani.

Jumamosi, 21 Februari

Naandika kwenye benchi la nje ya wodi. Nitaandika yote, hata yale yanayonivua nguo.

Juzi saa tano kasoro nilikuwa kwenye duka la sukari, nimeweka mawe ya kupimia juu ya mizani yao, simu ikatetemeka. Mke wangu. Nikaiacha. Ikatetemeka tena, nikaiacha tena. Acha niseme ukweli, niliona raha. Wiki nne roho ilikuwa inaungua na sasa ilikuwa zamu yake. Nikamwambia mwenye duka gramu zake ziko sawa, nikaomba maji ya kunywa, nikaitazama simu ikitetemeka mezani mara ya tatu, ya nne, ya tano. Ukaja na ujumbe. Sikuufungua. Nilisema moyoni, hangaika, nawe uonje.

Saa sita na robo ikaja namba ya Baridi.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Neno la kumwambia nilikuwa nimeliandaa wiki tatu, nilikuwa nimelinoa. Nikapokea, na kabla sijalitoa akasema, "Mzee, njoo nyumbani haraka. Mama yako ameanguka. Shemeji ameniita, kufuli lako nimelivunja, nitakuletea jingine."

Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka jua lilivyokuwa jeupe na ukuta wa nyumba yetu ulivyokuwa wa moto nilipoushika.

Mama alikuwa amelala sakafuni katika chumba cha mimea, kando ya hema, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu. Walikuwa wamemfunika shuka lililoloweshwa. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na kavu, macho nusu wazi, na alikuwa akimwita marehemu dada yake. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Baridi alipiga magoti, anampepea kwa kile kipande cha boksi nilichobandika mlangoni, maandishi yangu yakipanda na kushuka mbele ya uso wa mama. Amevaa suruali ya buluu.

Na hapa ndipo pabaya. Mama yangu yuko chini, na jicho langu, kwa mazoea, likaenda kwenye mita. 1,610. Watu watatu, nikasema kichwani, na mimi wa nne.

Mke wangu aliniona.

"Unatazama nini?" alisema. "Mama yako yuko hapa chini. Unatazama nini huko?"

Gari la wagonjwa lilifika. Baridi alimbeba mama mikononi mpaka barabarani, mimi nilibeba kandambili zake.

Tulipokaa kwenye benchi hili, mimi na mke wangu, alikunja kwanza lile shuka lililoloa. Kisha akasema, "Kwa nini ulibadilisha kufuli?"

"Mita ilionyesha watu wawili chumbani."

"Ndiyo. Mimi na mama."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Mimi na mama. Nilisikia kitu kinaanguka ndani yangu na hakikufika chini.

"Tangu katikati ya Januari," alisema. "Alianza kupata kizunguzungu. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ndoo, hajui ameifikiaje. Feni yake unayo wewe. Nikamwambia, mama, njoo tukae kule mchana, pana baridi. Alikataa siku mbili. Alikubali aliponiapisha nisikuambie. Alisema, mwanangu anaipenda ile mimea, ataona namharibia. Nikawa nachukua pindo za nguo, nakaa naye, nashona kwa mkono, yeye ananipigia hadithi. Nakunywa naye chai. Ukirudi tumeshatoka."

"Ungeniambia."

"Nilikuuliza lile hema litakaa mpaka lini."

Nikatazama viatu vyangu.

"Ulidhani nani?" aliuliza.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Nakuuliza wewe. Wa pili ulidhani nani?"

"Baridi."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alicheka kidogo, puani, akatikisa kichwa. "Ulipima pumzi zetu mpaka ukajua idadi," alisema. "Na moja ni ya aliyekuzaa." Kisha akasimama akaenda kukaa benchi la upande wa pili, na hapo ndipo alipo hata sasa ninapoandika.

Jana daktari alikuja. Mama alikuwa ameshajua alipo, ingawa sauti imebaki kama uzi. Daktari ni binti mdogo mwenye haraka. Aliuliza ilikuwaje mgonjwa wa miaka sabini na nne akabaki kwenye chumba cha mabati katika joto lile, na nyumba ina chumba chenye kiyoyozi.

Mama akasema, "Ufunguo niliupoteza mimi, daktari. Uzee."

Aliitazama mikono yake alipokuwa akisema.

Mke wangu akanigeukia. Alinitazama tu na kunisubiri, na muda ulikuwepo, daktari alikuwa bado anaandika. Ningeweza kusema. Neno moja lingetosha. Nikakohoa. Daktari akafunga faili, akaenda kitanda kingine.

Jumatatu, 23 Februari

Mama ametoka hospitali. Tulipokuwa tunasubiri karatasi nilimfuata yule daktari kwenye korido nikamwambia, "Ufunguo ulikuwa kwangu. Nilibadilisha kufuli kusudi." Alinitazama, akasema, "Sawa, ahsante, mpeni maji mara kwa mara," akaendelea na safari yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio. Mke wangu hakuwepo kusikia.

Jumanne, 24 Februari

Nimelifumua hema. Miche nimeipanga kibarazani, itakayokufa ife. Kitanda cha mama nimekihamishia chumbani. Feni nimeirudisha. Aliipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante mwanangu, kana kwamba nimemletea zawadi. Nilitoka nikaenda kusimama bafuni.

Alhamisi, 26 Februari

Nimekwenda karakana ya Baridi kumwomba radhi. Nilipofika nikagundua kwamba hajui kosa langu. Mke wangu hakumwambia. Alinipa kiti, akafuta mikono, akauliza, "Mama mzima? Stroberi zimepona?" Nikasema wazima wote. Ameninunulia kufuli jipya kweli. Nimelipokea. Kumwambia mtu kwamba ulimdhania ubaya ili tu roho yako ipumzike, hilo nalo lilionekana ni choyo. Au labda ni woga na nimeuvika nguo nzuri.

Nimegundua kitu kingine nikitembea kurudi: bado namwonea wivu. Alibeba mama yangu.

Jumapili, 1 Machi

Mke wangu anaongea nami. Chumvi iko wapi, umeme umekatika, binti amepiga simu anasalimu. Analala upande wake. Jana nilimwambia, "Nilikosea."

Akasema, "Najua."

Nikasubiri kama kuna sentensi nyingine inakuja nyuma yake. Haikuja.

Ijumaa, 6 Machi

Miche kumi na saba imekufa.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua ya kwanza, ndogo, ya kulowesha vumbi tu. Mama alimwomba mke wangu amfungulie dirisha anuse. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha kuliko yeye.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri na hali ya hewa ni njema kabisa, nyuzi 22 bila msaada wa mashine yoyote. Nilikuwa ukumbini nikijifanya nasoma. Kutoka chumbani kwa mama vilikuja vicheko. Mama alikuwa akisimulia kitu, kwa ile sauti yake iliyobaki nyembamba, na mke wangu anamkatiza, "Acha mama, acha, mbavu zangu," na kucheka kule, kule kule kwa kushika fremu ya mlango. Nilikaa na gazeti nikawasikiliza. Nimewaonea wivu wote wawili, naandika wazi. Wiki tano zile walikuwa pamoja kila mchana wakipiga hadithi na kunywa chai, na katika nyumba yangu mwenyewe mimi ndiye nilikuwa mtu wa kufichwa. Nilitaka kujua kinachochekesha. Nilitaka nami nipewe kidogo.

Nikainuka nikaenda kubisha hodi.

"Nani?" aliuliza mke wangu.

"Mimi."

Mama ndiye aliyesema, "Ingia, mwanangu, ingia." Niliingia. Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na pindo la nguo mkononi, mama ameegemea mito miwili. Wote wawili walinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kukagua mizani na unataka akague aondoke. Nikauliza kama mama amekunywa maji. Amekunywa. Nikauliza kama dirisha lifungwe kidogo. Liko sawa. Nikasimama dakika tano hivi, nikasingizia kuna kazi ya ofisi ya kumalizia, nikatoka na kuurudisha mlango polepole nyuma yangu. Sijafika hata ukumbini, wakaanza tena kucheka.